Chungu cha Katikati ya Meza

Kabla ya Jumamosi ile, mashairi yangu yalikuwa mengi kuliko watu waliowahi kuyasoma. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole, na hadhira yangu ilikuwa ya watu wawili. Wa kwanza ni dada yangu Mbambu, anayesuka nywele pale Lubaga, ambaye hawezi kunikimbia kwa sababu mikono yake imenasa kichwani mwa mteja. Wa pili ni Blaise, mhudumu katika hoteli moja ya Nakasero, ambaye husikiliza beti zangu kama mtu anayesubiri mvua ipungue aondoke.

Ndiye Blaise aliyeniletea habari. Kulikuwa na mwanamke huko Kyambogo, jina lake Adyero, aliyekuwa akipika bia nyuma ya nyumba yake, katika matangi ya chuma aliyoyaunganisha fundi wa mtaani. Wanunuzi wake wengi walikuwa Wakongo na Wakenya, kwa hiyo alitaka kila chupa iwe na ubeti wa Kiswahili ubavuni. Jumamosi mchana angewaalika watu kuonja. Mimi ningeonja pamoja nao, na kama beti zangu zingempendeza, kazi ingekuwa yangu.

Beti zangu kwenye chupa. Tayari nilimwona akilini mtu asiyenijua, Kisumu au Bunia, ameshika chupa, anaizungusha polepole kusoma mstari wa pili.

"Lakini wewe unaijua bia?" Blaise aliniuliza.

"Ndugu, unamuuliza samaki kama anajua kulowa."

Ukweli ni kwamba nilizijua bia mbili. Moja ni ile ya makampuni makubwa, inayotoka kwenye friji ikiwa haina ladha ila ubaridi. Nyingine ni malwa, bia ya ulezi, na kwenye malwa nilikuwa mtu wa kuheshimika. Kila jioni ya Ijumaa nilikaa na wazee wa Kiteso kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija wa malwa hauazimwi, kama mswaki. Wangu ulikuwa na mfuko wake wa kitambaa cha kitenge alioushona Mbambu, nami niliubeba begani kama askari anavyobeba bunduki.

Nikaubeba hata Jumamosi ile.

"Huo wa nini?" Blaise aliuliza tukisubiri boda.

"Fundi haendi kazini bila chombo. Na sikiliza, leo usinifundishe kitu mbele ya watu. Hata ukiona nakosea, nyamaza."

"Hata nikiona nini?"

"Hata ukiona nini."

"Sawa, yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, kwa upole ambao ningeutilia shaka kama nisingekuwa natafuta kina cha mwisho.

Adyero alitupokea uani. Alikuwa mwanamke mrefu, mabuti ya mpira miguuni, Kiswahili chake kikavu na cha haraka, kwa maana baba yake alikuwa askari naye alikulia kambini. Wageni walikwisha kaa kuzunguka meza ndefu, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na bilauri ndogo kama za dawa ya kikohozi. Katikati ya meza kulikuwa na chungu kikubwa cha udongo, kizuri, kimechorwa mistari shingoni.

Nilipokiona chungu kile, moyo wangu ulitulia. Hapa ni nyumbani, nikajiambia.

"Wewe ndiye mshairi?" Adyero aliuliza.

Sikujibu kwa maneno ya kawaida. Nilisimama:

*Mimi ulimi wa simba, bia zote nazijua;*
*Hata macho nikifumba, kwa harufu natambua.*

"Simba anakunywa bia?" aliuliza dada mmoja aliyepaka midomo rangi nyekundu iliyokolea. Jina lake Reine, ana baa ya Wakongo.

"Simba wa Butembo, ndiyo," Blaise alimjibu, akiutaja mji nilikotoka, kule Kongo. Watu wakacheka, nami nikahesabu kicheko kile kuwa changu.

Tukaanza. Bia ya kwanza ilikuwa ya tangawizi, ikapanda hadi puani. Ya pili ilikuwa ya pasheni, chachu na changamfu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imepikwa na kahawa ya Rwenzori, na sitasema uongo, nililamba hata ukingo wa bilauri. Nilikuwa sijui kwamba bia inaweza kuwa na mwanzo, katikati na mwisho kama utenzi. Ya nne ilikuwa na maua yale machungu yanayoitwa hopsi. Nilimeza nikiwa na uso wa mtu anayesikia habari za msiba, kisha nikasema, "Ina hoja."

Wenzangu walikunywa funda moja moja, wakatikisa vichwa, kisha kila mmoja akainama na kumwaga iliyobaki chunguni. Niliwatazama, nikaelewa mara moja. Ni kama harusi, kila mtu anatia chake ili kipatikane cha wote. Vibilauri vile ni vya kuamsha ulimi tu. Karamu yenyewe ni chungu. Mimi sikumwaga kitu, nilimaliza kila bilauri hadi povu, kwa sababu kwa mama yangu kumwaga bia ya mwenyeji ni kumwambia mpishi wake amekesha bure. Niliona hata aibu kidogo kwamba nilikuwa sijachangia.

Kisha Adyero akawaita wageni waende nyuma kuona matangi. Wakaondoka. Nilibaki mimi, chungu, na Blaise aliyekuwa akitafuna karanga.

Niliwahurumia. Wanakwenda kutazama vyuma na karamu iko hapa. Lakini pia nilielewa kwa nini hakuna aliyeigusa: hawakuja na mirija. Nikafungua mfuko wangu wa kitenge, taratibu, nikautumbukiza mrija, nikavuta.

Blaise aliacha kutafuna.

"Unataka kusema kitu?" nilimuuliza.

"Mimi? Hapana."

Nikavuta tena. Ilikuwa ya ajabu. Tangawizi ilikuwamo, na kahawa, na pasheni, na uchungu wa maua ukipita nyuma ya yote kama ngoma ya mbali. Ilikuwa vuguvugu kama malwa ya kweli. Na kulikuwa na kitu kitamu, cha manukato, nisichoweza kukitaja. Nilivuta na kuhesabu mizani, nikavuta na kuhesabu, hata wageni waliporudi chungu kilikuwa kimepungua kwelikweli na shairi lilikuwa tayari.

Nilisimama, mrija mkononi.

"Mama Adyero," nikasema, "zile nne ni bia nzuri. Lakini ufundi wako umeuficha humu."

*Nyingine zote ni maji, hii ndiyo bia hasa;*
*Heko kwako mpikaji, leo umenitakasa.*

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani wameguswa.

"Nina swali moja la kifundi," niliendelea. "Kuna kitu humu, kwa mbali, kama stroberi. Umekitia wakati gani?"

Reine aligusa rangi ya midomo yake kwa ncha ya kidole.

Adyero aliuangalia mrija, akachungulia chunguni, akaniangalia mimi. "Hii sikuipika mimi, mwanangu," alisema. "Wameipika wageni. Hicho ni chungu cha kumwagia. Bwana yule pale mwenye kofia alitema humo mara mbili."

Bwana mwenye kofia aliinua mkono kidogo, kama anayejitambulisha kanisani.

Walicheka hadi majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nilimgeukia Blaise.

"Ulijua."

"Kule hotelini tunaweka vyungu kama hivi kila wiki, watu wakionja divai."

"Na ukanyamaza."

"Uliniambia hata nikiona nini, yaya. Nami niliona."

Nilifunga mrija wangu. Nilitaka kuondoka kwa heshima, lakini mfuko wa kitenge una kamba ndefu, ikanasa kwenye kiti, nikaondoka nacho hatua kadhaa. Adyero alinifuata hadi langoni. Alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Beti za chupa siwezi kukupa," alisema. "Umeniambia bia zangu nne ni maji."

"Ni kina tu, mama. Nilihitaji ji."

"Ndiyo sababu siwezi kukupa. Utaweka ji mahali pa ukweli." Akatazama nyuma, mezani. "Lakini nahitaji maandishi kwenye chungu, asije mwingine akanywa. Hayo utayaweza. Hayo unayajua."

Mtu mwenye kiburi cha kweli angekataa. Mimi nilirudi ndani nikaomba brashi na rangi nyeupe. Niliketi mbele ya chungu kile, watu wakitazama juu ya mabega yangu, na kwa mara ya kwanza sikutafuta neno kubwa:

*Mimi chungu cha masazo, usinywe mwangu, mwenzangu;*
*Mshairi wa mawazo alikunywa nusu yangu.*

Adyero alisoma, midomo ikitembea. Akasoma tena. "Nane kwa nane," alisema, na sikujua alijifunzia wapi kuhesabu mizani. "Sasa hii ni kweli. Jumamosi ijayo uje uonje ile nyeusi tena, polepole. Halafu tutaona."

Blaise alinivuta shati. "Twende. Hakuna atakayejua ni nani. Umeandika 'mshairi' tu, na washairi ni wengi."

Alisema kweli. Ubeti ulikuwa salama, ningeweza kutoka pale bila jina. Lakini nilifika langoni nikasimama. Hilo lilikuwa shairi langu la kwanza litakalosomwa na watu nisiowajua, kila Jumamosi, na wote wakiwa wameinama. Nilimwona mtu akisifu vina vile na kuuliza vimetungwa na nani, na hakuna wa kumjibu.

Nikarudi, nikachovya brashi, na chini ya mstari wa pili nikaandika kwa herufi kubwa: GUERSCHOM KATEMBO, BUTEMBO NA LUBAGA.