Kilichomo Ndani ya Kochi

Ukitaka kujua watu wanaishije, usiwaulize. Kalia makochi yao. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema Fundi Sponji, na alikuwa na haki ya kusema, maana makochi ya watu wa juu aliyapasua na kuyashona upya tangu ujana wake, na siri chache sana za mji ule hazikuwahi kupita chini ya mkasi wake.

Mji ulikuwa mmoja, makabila mawili. Watu wa juu walikaa mlimani, kwenye nyumba za matofali zenye maji ndani. Walishika maduka, ofisi na shule, na lugha yao ndiyo uliyoisikia ukiingia benki. Watu wa bondeni walishika nyundo, sindano na mizigo. Taa za barabarani ziliteremka vizuri kutoka mlimani, zikafika darajani zikakoma, utadhani ziliogopa kulowa. Mtoto wa juu akiugua aliitiwa daktari. Wa bondeni akiugua aliitiwa bibi yake. Vita hapakuwa na vita. Watu walisalimiana sokoni, wakataniana, kisha kila mmoja akashika njia ya kwao. Kuoana tu ndiko kulikokuwa kwa nadra.

Na kukaa nako kulikuwa mbalimbali. Wa juu walikaa kwenye makochi, wa bondeni kwenye vigoda na mikeka. Fundi Sponji, aliyeyashona karibu makochi yote ya mlimani, nyumbani kwake hakuwa na hata moja. Ujanani alipeleka kochi lake la kwanza kwa bwana mmoja wa huko, akalikalia kidogo kujaribu springi, kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Mwenye nyumba akamwambia, wala si kwa ukali, "Shuka chini, kijana, utalichafua." Akashuka. Tangu siku hiyo springi za watu alizijaribu kwa kiganja cha mkono, na jambo lile hakumsimulia mtu isipokuwa marehemu mke wake.

Sasa binti yake wa pekee, muuguzi wa zahanati ya bondeni, alikuwa amechumbiwa na kijana wa juu. Kijana mwenyewe alikuwa karani wa idara ya maji. Aliteremka siku moja kukagua bomba ambalo halijawahi kutoa hata tone, akakanyaga msumari, akakimbizwa zahanati, akafungwa kidonda. Kidonda kilipona upesi, ila yeye hakuacha kuja kufungwa. Maji hayajafika bondeni mpaka leo, lakini mchumba alifika.

Fundi alimpenda kijana yule, hilo halikuwa na mjadala. Kilichomkosesha raha ni swali moja lililomjia kila alipoinamia kazi: huko mlimani, mwanangu watamkalisha wapi? Vyumba vyao alivijua. Mabinti wa bondeni aliowaona humo waliingia kwa mlango wa nyuma na kukaa jikoni. Jumapili hiyo mama wa kijana, mjane, angeshuka kuja kujitambulisha, na Fundi alikuwa amejiapiza moyoni: akiona dharau machoni pa mama yule, hata kidogo tu, posa ataikataa, na binti alie atakavyolia.

Jumamosi dada yake alimfuata karakana. Huyu ndiye shangazi wa binti, aliyehamia kwao tangu mama wa nyumba alipofariki, mwanamke mwenye moyo mpana na mdomo usiokuwa na breki.

"Kaka, huyo mama wa watu tutamkalisha wapi?"

"Kwenye kigoda. Kama sisi."

"Kigoda kipi? Kile kinachocheza kama kimekunywa?" Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kona. "Na hili kochi la kijani je?"

"La mteja hilo. Mchukuzi analifuata Jumatatu."

"Basi Jumapili halina kazi."

Kochi lenyewe lilikuwa na kisa chake. Watu wa juu hawakuwa na mazoea ya kushuka wenyewe bondeni. Vitu vyao vilishushwa na mchukuzi wa mkokoteni, na mara nyingine fundi hakujua hata ni vya nani. Hili lililetwa hivyo hivyo: la mama mmoja, basi. Mbao zake zilikuwa za zamani na za maana, lakini alipolipasua hakukuta sponji. Alikuta nguo za mwanamume. Mashati, suruali, koti moja la kijivu, vyote vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa na kupangwa pale ambapo sponji ilipaswa kuwa.

Mafundi wengine wangevitupa vyote jalalani, maana tumbo la kochi kuukuu ni takataka. Fundi Sponji alikuwa na sharti lake: kilichomo ndani ya kochi ni cha mwenye kochi. Alishawarudishia watu funguo, vitana, vijiko, na mara moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe aliyakana mbele ya wageni kisha akatuma mtu kuyafuata. Kwa hiyo alizitia nguo zile kwenye mfuko kama zilivyokunjwa, akaweka sponji mpya, akashona. Alicheka kidogo peke yake. Kumbe hata mlimani kuna watu wanaokufa na tai shingoni.

Hakupenda wazo la dada yake. Lakini swali lile lilirudi, mwanangu watamkalisha wapi, na akajiona anaita majirani wamsaidie kubeba.

Binti aliporudi kutoka zamu alisimama mlangoni, akalitazama kochi lililojaza nusu ya chumba.

"Baba, hili la nani?"

"La mteja."

"Mimi nimeshamwambia kila kitu. Anajua tunakaa kwenye vigoda."

"Yeye anajua. Mama yake je?"

Binti alimkaribia, akamtoa uzi uliokuwa umeganda kwenye nywele zake, kama alivyozoea kufanya tangu akiwa mdogo.

Jumapili, Fundi alipovaa shati lake la kutokea, Shangazi aliguna. "Kiwiko hicho kinawachungulia wageni." Akatoka, na aliporudi alikuwa na koti la kijivu mkononi.

"Hilo hapana," Fundi akasema. "Kochi nimekubali, koti hapana. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Matako yatakuwa kwenye kochi, nani atayaona? Vaa, kaka. Ni kwa ajili ya mtoto."

Ukishaambiwa ni kwa ajili ya mtoto, huna pa kukimbilia. Akavaa. Koti lilimkaa kama alilopimiwa yeye, na hilo nalo lilimtia aibu.

Hodi ikabishwa. Kijana aliingia kwanza, akitabasamu, akaanza kusema shikamoo. Kisha macho yake yakaangukia kochi, na tabasamu likamtoka usoni. Fundi aliliona hilo. Yameanza, akajisemea, na kwa kijana mwenyewe.

Nyuma yake akaingia mama, mwanamke mdogo wa umbo, kavaa gauni lisilo na makeke, viatu vimeng'arishwa mpaka ufa wake unaonekana. Shangazi akamkaribisha kochini kwa mbwembwe zote. Mama akalikaribia, akaweka mkono kwenye ubao wa pembeni, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye vijishimo vidogo karibu na ncha. Fundi alivijua vijishimo hivyo. Alipokuwa akisugua mbao alivitambua kuwa ni alama za meno ya mtoto, akaviacha.

Mama akainua macho. Akamwona mwenyeji wake amesimama mbele yake ndani ya koti la kijivu. Akakaa. Machozi yakaanza kumtoka, bila sauti, na hakuyafuta.

Binti alipiga magoti kando yake, akamshika kifundo cha mkono kama anayetafuta mapigo ya moyo.

"Mama, vipi?" kijana akauliza. Ndipo naye alipomtazama Fundi vizuri. "Hilo koti…" akasema.

Hapo Fundi akaelewa. Angeweza kutunga uongo, lakini uongo nao unataka mtu aliyejiandaa. Akavua koti polepole, akalikunja juu ya mkono, akasimama na shati lake la kiwiko kilichotoboka.

"Mama," akasema, "kochi hili si langu. Koti hili si langu. Sisi hapa tunakaa kwenye vigoda. Niliogopa utamwona mwanangu si kitu, nikatumia mali ya mtu bila ruhusa. Sikujua ni yako. Ningejua…" akasita. "Hata kama sikujua, ni kosa."

"Aliyemvisha ni mimi," Shangazi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema sentensi fupi.

Mama alikuwa kama hakusikia lolote. "Zile nyingine ziko wapi?" akauliza.

Fundi akaingia ndani, akatoka na mfuko, akauweka miguuni pake. Mama akaufungua. Shati la juu lilikuwa limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye, mikono imelazwa nyuma. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Hukuzitupa," akasema.

"Si zangu, mama, nitupe vipi?"

"Nilijua zimeshachomwa moto." Akapumua. Sauti ilimtoka taratibu. "Baba yake alipokufa, nyumba ilibaki na jina tu. Sponji imekwisha, ya kununua sina. Ndugu wanasema nguo za marehemu nizigawe, na mimi siwezi. Nikaziweka humo. Jioni nikikaa, nakaa naye. Juzi nakwenda kumtazama dada yangu, narudi, kochi halipo."

"Nilitaka mkija kwetu mkute pa kukaa," kijana alisema, akitazama sakafu. "Sikujua ndani mna nini. Na nilimwambia mchukuzi alipeleke kwa fundi mwingine, mbali. Niliona aibu wewe baba uone tumefikia wapi."

"Mchukuzi yule?" Shangazi akasema. "Yule hapandi kilima cha pili hata umpe bibi wa pili."

Binti ndiye aliyeanza kucheka, akiwa bado ameushika mkono wa mama. Mama akacheka pia, huku machozi yakiendelea na safari yake.

"Kwa nini hukuja kuuliza?" Fundi akamuuliza kwa upole.

"Ningekuja kusema nini, baba? Mke wa fulani, wa kule juu, ameshuka kutafuta matambara?" Akatikisa kichwa. "Sisi tuna makochi. Ndani yake msituulize."

Fundi akachuchumaa mbele ya kochi, akapapasa mshono kwa kidole. Aibu ilikuwa imempungua. Sasa alikuwa fundi tena. "Nitalifungua. Sponji ikae upande mmoja, na yeye akae upande wake. Alikuwa anapenda upande gani?"

"Kushoto. Karibu na dirisha."

"Basi kushoto."

Akamrudishia koti. Mama alilishika kidogo, akalinusa kwenye ukosi, kisha akasimama na kumvalisha Fundi mwenyewe, bega moja, halafu la pili. "Hili lisirudi ndani," akasema. "Siku ya kumleta mwenetu, njoo nalo."

Harusi ikapita. Siku ya kumpeleka binti, Fundi alipanda mlimani na koti lake la kijivu, Shangazi kando yake akihema na kulaani kilima. Nyumba ilikuwa kubwa, ya matofali, baraza pana. Ndani ilikuwa tupu kuliko alivyotarajia. Ukutani paliachwa alama nyeupe za vitu vilivyowahi kutundikwa na kuuzwa. Ndugu wa mjane, watu wa juu wenye saa na miwani, walikuwa wamesimama huku na huku wakimtazama bibi harusi wa bondeni, na hakuna aliyemwambia karibu. Fundi alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Sasa ndipo, akawaza, watamkalisha wapi?

Mjane akapita katikati ya watu, akamshika binti mkono, akampeleka mpaka kwenye kochi la kijani.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema, akigonga upande wa kushoto, karibu na dirisha.

Binti alijua kilichomo. Akasita. "Hapo pana mwenyewe, mama."

"Ndiyo, na wewe ni wa kwake. Kaa."

Ndugu mmoja alikohoa. Binti akakaa, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Mama akamweka vizuri shela begani, kisha akageuka kutazama mlangoni.

"Na wewe baba, umesimama kama mgeni kwa nini? Njoo ukae na mwanao."

Fundi Sponji alivuka chumba kile mbele za watu wote. Alipofika alinyoosha kiganja kwa mazoea, ajaribu springi. Akakirudisha. Akageuka, akakaa kwa uzito wake wote.