Kumvi za Bi Mashavu

Warda alijifunga kwa ulimi wake mwenyewe, tena harusini, mbele ya mashangazi zake wote wa Mbuchi: harudi nyumbani mpaka unga wake wa maabara ukubali. Walikuwa wamemcheka. Eti binti wa Bi Mashavu, aliyehitimu Kurani, leo anashinda Kibiti na mapipa ya spiriti! "Siinywi, naigeuza!" akafoka. Loo, kiburi hicho! Mwaka wa pili huo, na Mbuchi kwenyewe si mbali: gari, boti, umefika.

Unga huo aliutoa kwenye kumvi za mpunga. Wengine huzichemsha kwanza kwa asidi. Yeye alitaka kuzichoma hivihivi. Yabaki majivu meupe yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kisha apachike shaba humo ndani. Mvuke wa spiriti ukipita kwenye vitundu hivyo, utoke kitu kingine kabisa, cha kutengenezea gundi na rangi. Lakini kila mara vitundu viliyeyuka motoni vikazibana. Magunia matatu, yote kutoka kwa mama yake, yote kazi bure.

Kila gunia lilipofika aliingiza uso ndani akavuta harufu. Alitamani kumwona mama yake mpaka kifua kinauma, na aibu ikamkalisha palepale.

Siku moja Sadala, mwenzake wa maabara, akapima majivu yale.

"Dada, hii chumvi! Ndiyo inayoyeyusha vitundu vyako. Kumvi gani hizi?"

Warda akatoka nje, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Hizi kumvi unazifanyaje kabla hujazifunga?"

"Marahaba mwanangu. Si nazifua! Pale mkondoni, maji ya bahari yakijaa, mara mbili nzima, ndipo nazianika. Nikuletee vumbi uaibike mbele ya wasomi? Kwani hazitakati?"

Warda akauma mdomo. Akisema, mama atajua ni mikono yake iliyomchelewesha mwanawe. Asiposema, gunia la nne litakuja na chumvi yake vilevile. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Zinatakata, mama. Ila usihangaike kufua tena. Alhamisi nakuja kuzichukua mwenyewe."

"Alhamdulillahi! Unga umekubali?"

Angeweza kudanganya hapo, na mambo yakaisha kwa vigelegele. Hakuweza.

"Haujakubali. Nakuja tu, mama. Nimekukumbuka."

Warda akasikia kuku wa nyumbani, na mtu akitwanga kwa mbali. Akahamishia simu sikio la pili.

"Kumbe," mama akasema polepole, "siku zote hizi ulikuwa unaweza kuja?"