Vuka Wewe Kwanza

Msusi alikuwa ameshika kichwa cha mteja, anamalizia mistari ya karibu na shingo, pale mkuu wa usalama barabarani alipoanza kujisifu redioni. Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Alisema vifo vya barabarani havijawahi kupungua kama mwaka huu. Alisema mkakati mpya umezaa matunda. Kisha akaitolea mfano barabara yao, ile ile inayopita mbele ya saluni.

"Tangu tuweke lami mpya na kuondoa matuta yaliyokuwa yakileta foleni," alisema, "barabara ile haijapoteza roho hata moja."

Mikono ya msusi ikakaza.

"Dada, unaninyofoa!" mteja akalia.

"Samahani, mpenzi."

"Hata moja?" aliuliza mama mmoja aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Hizo takwimu wamezipikia jiko gani, mbona zimeiva upesi hivyo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. Hapo nje, hatua chache kutoka mlangoni kwake, ndipo lori lilipomgonga mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alikuwa anavuka na kiti cha saluni kilichovunjika mguu, ameshakiunga vizuri, anamrudishia dada yake. Zamani, matuta yalipokuwapo, malori yalipita pale kwa kujikongoja. Sasa kilichobaki ni bango lenye picha ya mtu anayetembea, na chini yake maneno: Endesha kwa Makini. Dereva wa lori hakuwa na habari na bango.

Cheche hakufa palepale. Alilazwa wiki kadhaa, mbavu zimevunjika, akipumua kwa taabu, bado akimtania mkewe kwamba sasa yeye ndiye chuma kinachohitaji kuchomelewa. Halafu kifua kikajaa, homa ikapanda, akaondoka.

"Kwa hiyo mdogo wangu si roho," msusi alisema, kama anaongea na kioo. Hata aliyetania takwimu aliinamisha kichwa.

Kesho yake alimpitia wifi yake, mjane wa Cheche, wakaenda pamoja hadi ofisi za usalama barabarani. Wifi alikuwa mtu wa maneno machache. Njia nzima alishika pochi yake kwa mikono miwili kama anaogopa itaporwa. Walizungushwa kutoka mlango huu hadi ule, mpaka wakaingizwa kwa kijana wa takwimu, mpole, shati limepigwa pasi, meza yake safi kama haijawahi kufanyiwa kazi.

"Poleni sana, mama zangu," alisema baada ya kuwasikiliza. Aligonga gonga kompyuta yake. "Ndiyo, ajali yake ipo hapa. Ila kwa mwongozo wetu tunahesabu waliofariki papo hapo. Huyu alifia hospitalini, kwa maambukizi ya mapafu. Kifo chake kinahesabiwa na watu wa afya."

"Maambukizi ya mapafu," msusi akarudia. "Na hayo maambukizi ndiyo yaliyomvunja mbavu barabarani?"

"Mama, naelewa uchungu wako."

"Huelewi, baba. Ungeelewa usingesema hivyo."

Kijana akajikohoza. Hapo ndipo wifi alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Umesema ajali yake ipo humo. Sasa yeye mmemwandika nani?"

"Majeruhi."

"Mpaka leo?"

"Ndiyo. Sisi hatufuatilii kinachotokea baadaye."

"Yaani mimi nimemzika mume wangu, nimetungua nguo zake msumarini nikazigawa, halafu kwenu bado anaugua?"

Akacheka, kicheko kikavu cha kutisha, na kabla hakijaisha kikageuka kilio. Kijana alisukuma boksi la tishu mezani. Msusi aliona hata tishu zile kama matusi. Akamshika wifi yake mkono wakatoka, na huko nje, kwenye ngazi, akaapa kwamba mtu yule wa redioni lazima amwambie yeye maneno yale ya "hata moja" ana kwa ana.

Hakungoja sana. Haukupita muda, yakatangazwa maadhimisho ya mafanikio ya barabara salama, na kwa kiburi cha kushangaza waliamua kuyafanyia palepale mtaani. Turubai likafungwa upande wa karakana. Viti vya wageni vikavalishwa vitambaa. Watu wakagawiwa fulana zilizoandikwa Kila Roho Ina Thamani. Watu walizipokea, nani akatae fulana, lakini wengi walizikunja wakazitia kwapani.

Mkuu alifika na msafara wa magari, polisi wakiwa wamesimamisha kila chombo. Akapanda jukwaani, akasoma hotuba ile ile. Alipofika kwenye "hata moja", minong'ono ikapita katikati ya watu kama upepo kwenye mahindi.

"Muongo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Wananchi, tutulie. Maswali yatapokelewa kwa maandishi."

Msusi alikuwa upande wa pili, kwenye baraza ya saluni, amesimama na wifi yake. Hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na koo la mtu anayeshindana na mashine za nywele kutwa nzima.

"Mkuu! Mimi sina swali, nina mwaliko! Saluni yangu ndiyo hii. Vuka uje nikupe maji ya kunywa. Si umesema barabara ni salama? Vuka!"

Watu wakashangilia. Mkuu akatabasamu mbele ya kamera. Msafara wake ulikuwa umeshaegeshwa, na polisi walikuwa wameyaruhusu magari mengine, nayo yalikuwa yanapita kwa hasira ya kucheleweshwa. Hakuwa na pa kutokea. Akashuka jukwaani, akajiweka sawa koti, akasogea hadi ukingoni mwa lami.

Askari mmoja akaruka mbele kunyoosha mkono asimamishe magari.

"Achaa!" umati ukapaza sauti kwa pamoja. "Sisi hatusimamishiwi! Avuke kama sisi!"

Askari akamtazama bosi wake. Bosi akamwashiria arudi. Alitia mguu mmoja barabarani, basi likampigia honi, akaurudisha. Akangoja. Akatia tena. Gari dogo likapita karibu kiasi kwamba tai yake ilipeperuka ikampiga usoni. Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alimsogelea mkuu, akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, sisi huwa tunakimbia. Lakini ukikimbia usigeuke nyuma."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Kwa upande wa pili, wifi alishuka kwenye baraza akasimama ukingoni, wakatazamana huku magari yakipita kati yao.

"Mume wangu alikuwa anavukia hapo ulipo," alisema. Alipaza sauti kuyashinda magari. "Hakuwa mlevi. Alikuwa amebeba kiti."

Mkuu akageuka, akaingia garini mwake, na msafara ukaondoka kabla keki haijakatwa.

Siku chache baadaye vikaja vibarua na mashine, wakajenga matuta manene na kupaka kivuko rangi nyeupe. Hakuna aliyetangaza. Malori yakaanza tena kujikongoja, na wazazi wakaruhusu watoto kwenda dukani. Mtaa ulifurahi, ingawa furaha yenyewe ilikuwa na shubiri ndani yake: kumbe ilikuwa kazi ya siku chache tu. Kumbe waliweza muda wote.

Kisha akatokea yule kijana wa takwimu, safari hii amefuatana na mpiga picha. Alimkuta wifi saluni anamsaidia msusi kuosha vitana.

"Tunatengeneza ripoti mpya, mama," alisema. "Tungependa picha yako umesimama kwenye kivuko. Kuonyesha ushirikishwaji wa wananchi."

Wifi akajifuta mikono kwenye khanga. "Mmeshamwandika mume wangu kwamba amekufa?"

Kijana akatazama chini. "Mwongozo bado haujabadilika. Nimeandika mapendekezo, mama. Naapa nimeandika. Wakubwa hawajajibu."

"Basi hakuna picha."

"Itasaidia wengine..."

"Wengine wapi? Hao mnaowaandika wanaugua wakati wamelala kaburini?" Akachukua kitana kingine. "Nenda ukawaambie wakubwa zako. Siku mtakapomhesabu, nitavaa gauni langu zuri nije nisimame popote mtakaponiambia. Mpaka siku hiyo, uso wangu hauingii kwenye uongo wenu."

Mpiga picha alishafunga mfuko wa kamera. Kijana akatoka naye. Msusi alitaka kumkumbatia wifi yake, lakini aliona jinsi alivyosimama, amenyooka, kidevu juu, akamwacha hivyo hivyo. Akamfungulia bomba la maji, wakaendelea kuosha.