Kadi Kubwa ya Kaliza

Prosesa ilikuwa mia kwa mia, kadi ilikuwa thelathini. Castory alizitazama namba hizo mbili pembeni mwa kioo cha kompyuta kwa mara ya nne, ingawa alijua kabisa kwamba hazitabadilika kwa kutazamwa. Katikati ya kioo gari jekundu la gemu lilikuwa likipanda mlima. Lilikwenda, likaganda, kisha likaibukia mbele, kama mtu amelibeba na kulitua.

"Picha imetoka," alisema Mzee Gakwaya nyuma yake.

Imetoka, ndiyo. Castory alivua miwani akasugua macho. Miaka kumi na miwili alikuwa akiunga kompyuta kwenye duka la Mugenzi, ghorofani Nyabugogo, ambako kelele za stendi ya mabasi hupanda ngazi alfajiri na kukaa ndani kama mpangaji. Zamani aliipenda kazi hii. Siku hizi alipenda kiti.

Mzee Gakwaya alikuwa dereva mstaafu, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, na malori ya Dar aliyaendesha karibu miaka thelathini. Asubuhi ile alikuja kutoka Batsinda amepakata kompyuta ya zamani ya binti yake Kaliza, na juu yake boksi jipya lenye kadi ya gemu kubwa kama tofali. Kadi hiyo haikununuliwa dukani kwa Mugenzi. Ililetwa kidereva: mmoja aliipokea Dar, akampa mwenzake Kahama, mwenzake akamkabidhi wa tatu Rusumo, ikalala nyuma ya viti vitatu bila kukwaruzwa. Mzigo wa namna hiyo haurudishwi.

Castory alimweleza taratibu. Kadi ndiyo inayochora picha, lakini prosesa ndiyo inayofikiri na kuiambia ichore nini. Prosesa ya Kaliza ilikuwa ya kompyuta ya ofisini, tena ya siku nyingi. Ilikuwa ikikimbia mpaka ulimi nje, na kadi imekaa inaisubiri.

Mzee alielewa upesi kuliko wateja wengi. "Injini ya semi, giaboksi ya teksi," alisema.

"Hapo hapo, mzee wangu."

Dawa ilikuwepo. Kabatini kulikuwa na prosesa ya kati pamoja na bodi yake ya kuipachika, na kadi ya kati ya kwenda nayo. Zile mbili zingetembea sambamba. Prosesa ya kuimudu kadi kubwa ingebidi iagizwe nje, wiki tatu, na leo ilikuwa Jumanne. Kaliza angetoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera Alhamisi, baada ya kulazwa miezi saba.

Mzee alitikisa kichwa. Alitoa mfukoni kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne, akakikunjua juu ya meza kwa vidole viwili. Jina la kadi lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi zimelala ubavu. Hicho ndicho kitu cha kwanza binti yake alichokiomba tangu alazwe. Kabla ya hapo hakuomba hata chai. Sasa baba amfikie na kingine?

"Castory," Mugenzi aliita kutoka kaunta, "mzee iko na picha yake. Funga tu, umupe aende."

Castory alichukua bisibisi. Aliwahi kufunga mashine za hivi, zaidi ya moja, akamwambia mteja kila la heri. Miguu ilimuuma. Alikaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili.

"Binti yangu, redio tu ikikatakata anatoka nje," mzee alikuwa akisema, kama anayejisemea. "Hataki kabisa. Anaziba masikio."

Castory aliiweka bisibisi mezani. Aliona aibu, na aibu ile ilimchosha zaidi ya kazi.

Akamwuliza mzee kama alikwisha kumweleza binti mwenyewe. Mzee akashangaa. Alikuwa amemwuliza daktari kama gemu linafaa, akawauliza shangazi zake, hata padri aliulizwa. Kaliza aulizwe nini tena, na karatasi si hii hapa?

Kila siku saa tisa muuguzi alimpa Kaliza simu aongee na baba yake. Walisubiri. Mugenzi alitazama saa, akatazama dari, akaenda kunywa chai kwa jirani. Simu ilipolia mzee alisalimia kwa Kinyarwanda, akaitikia yego, yego, kisha akaibonyeza isikike kwa wote na kuilaza juu ya karatasi.

"Kaliza, mwanangu, mimi ni fundi," alisema Castory. "Kadi yako ni nzuri sana. Ila prosesa haiwezi kuifuata, kwa hiyo picha inakwama."

"Inakwama namna gani?" Sauti ilikuwa nzito na ya polepole.

"Gari liko hapa, halafu liko kule. Katikati hakuna kitu."

Chini stendini kondakta aliita abiria wa Musanze.

"Hiyo naijua, fundi," Kaliza alisema. "Kwa kichwa yangu ilikuwa hivyo. Asubuhi, halafu usiku, katikati hakuna." Akapumua. "Weka ndogo. Iko sawa. Hata mimi sasa niko buhoro buhoro, polepole, dawa inanishika. Weka zenye zinatembea pamoja."

Mzee Gakwaya aliinamia simu.

"Papa, ile kubwa usiitupe," sauti ikaongeza. "Uniwekee."

Kazi iliwafikisha jioni. Castory aling'oa bodi ya zamani, akafunga mpya, akashusha prosesa mahali pake kwa kuanza na kona yenye alama ya dhahabu, akapaka tone la dawa ya kupitisha joto juu yake na kufunga feni, mwisho akachomeka kadi ya kati. Mzee aliirudisha kadi kubwa kwenye boksi, akalifunga kwa mpira, akaliweka sakafuni katikati ya miguu yake. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyaficha.

Gari jekundu lilitokea tena, mlima ule ule. Prosesa sabini, kadi sabini na mbili. Halikuganda. Castory alisimama akamwonyesha mzee kiti, kwa maana alikuwa na desturi yake ya zamani: mashine haitoki mpaka mwenyewe aiendeshe, na kwa kuwa mwenyewe hakuwepo, baba angeendesha badala yake.

Mzee alikaa. Aliendesha kama aliyebeba tani thelathini, akipunguza mwendo kila kona, na magari mengine yote ya gemu yakampita. Mugenzi alirudi, akatikisa funguo za duka kutaka kufunga. Castory alivuta stuli akaketi kando ya mzee, wakaushuka mlima pamoja, polepole, kona kwa kona.