Sindano na Pamba

Katika kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hoteli, kulia kwa maumivu kulikuwa mwiko. Si bosi aliyeuweka, ni wapiga pasi wenyewe. Ukiguswa na chuma cha moto ukasema "aa!", basi wiki nzima unaitwa Mtoto na unawapelekea wenzako chai. Ujinga mtupu, lakini waliuringia kuliko mishahara yao! Na malkia wa ujinga huo alikuwa mwanamke waliyemwita Chuma, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Mashine kubwa pale ilikuwa ya rola za moto. Inalishwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha yake ya shuka. Chuma alikuwa akiilisha na wifi yake, dada wa mumewe. Siku moja Chuma aligeuka kuchukua shuka jingine, na aliporudisha uso akakuta rola imeuma mkono wa shati la wifi, inamvuta, naye wifi amekodoa macho tu. Chuma hakufikiri. Alitia mkono wake wa kushoto palepale kwenye moto, akalirarua lile shati, akakanyaga kizimio, mashine ikasimama. Kisha akaomba maji ya kunywa. Hakusikia maumivu yoyote mpaka alipouona mgongo wa mkono wake.

Kidonda kilipona, ngozi ikafunga, lakini maumivu yakakataa kuondoka. Upepo wa feni ukipita, moto. Mkono wa sweta ukigusa, moto. Chuma, aliyekuwa amehamishiwa kwenye kukunja mashuka, akajikaza kisabuni miezi na miezi, hadi siku moja yakamfika shingoni, akamwambia msimamizi kwamba anahitaji kutibiwa.

Msimamizi huyo alijiona anajua kila kitu. Wakati wa mapumziko, mbele ya watu wote, akamwambia Chuma atazame ukutani, akamchoma sindano mgongo wa mkono. Chuma kimya, hata hakujua kama amechomwa. Msimamizi akapitisha kipande cha pamba palepale. Chuma akapiga yowe.

Vicheko vikalipuka. "Lahaula! Sindano haimuumi, pamba inamuua!" msimamizi akasema. "Na siku ile ya moto wenyewe alisema nini? Hebu muulizeni wifi yake."

Wifi akainamisha kichwa. "Hakusema kitu."

"Basi kesho unarudi kwenye rola au unakwenda zako, Chuma. Hapa hatufugi waongo."

Mwongo! Chuma alikasirika. Kazi ile ilikuwa yake, aliipenda, na kama angeondoka asingeondoka na jina hilo. Aliviokota vyote viwili, sindano na pamba, akavifunga kwenye leso na kwenda moja kwa moja hospitali kwa daktari wa neva. Akavimwaga mezani.

"Nichome, kisha nipanguse. Halafu uniambie usoni kama mimi ni mwongo."

Daktari akachukua sindano yake safi, akachoma, akapangusa. Hakucheka.

"Si mwongo, mama. Nyuzi nyembamba za neva zinazopeleka habari ya sindano ziliungua, ndiyo maana hapo pana ganzi. Zile za mguso zimebaki. Sasa, habari zote hupitia kwenye uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, na pale ni kama pana mlango na bawabu. Bawabu wako alishtuka, hajatulia mpaka leo. Pamba ikibisha hodi, yeye anapiga kelele za moto."

"Mbona siku yenyewe sikusikia kitu?"

"Ubongo wako ulimwamuru afunge mlango. Ulikuwa na mtu wa kuokoa. Lakini amri hiyo haikai sana."

"Na nikiendelea kujikaza?"

"Kujikaza hakumtulizi bawabu. Dawa hizi zitampunguzia kelele, na kila siku utaupangusa mkono kwa kitu laini, kuanzia pasipouma. Itachukua muda, na pengine maumivu hayataisha yote. Pakiuma, sema."

Asubuhi Chuma akasimama mbele ya rola, akapandisha mkono wa sweta, akajipangusa kwa pamba watu wakimwona.

"Aa!" akasema, kwa sauti ya kufika getini.

Wapiga pasi wote wakageuka.

"Nitafanya kazi yangu hapa, na mkono ukiuma nitasema," Chuma akawaambia. "Sitanyamaza tena kumfurahisha mtu. Niiteni Mtoto mpaka mchoke!"

Msimamizi akacheka. "Haya. Nani atalisha mashine na huyu mlialia?"

Hakuna aliyejitokeza, na rola haiendi kwa mtu mmoja. Msimamizi alikwisha kuuelekeza mkono mlangoni wakati wifi alipoacha meza yake ya kupigia pasi.

"Mimi," akasema. "Siku ile rola iliniuma shati kitambo, wifi yangu hajarudisha uso bado. Niliona naenda kuungua, nikanyamaza. Niliogopa kuitwa Mtoto."

Chuma akamtazama. Alitaka kumzaba kofi.

"Yaani mkono wangu wote huu, wifi? Kwa ajili ya jina?"

"Ndiyo, wifi. Nisamehe."

Chuma akafuta machozi kwa mkono mzima. Hakusema amesamehe, maana hakuwa amesamehe. Msimamizi akafungua mdomo, akakuta wanawake wote wanamtazama yeye, akaufunga.

"Shika ncha yako," Chuma akamwambia wifi.

Rola zikaanza kuzunguka. Shuka la kwanza likaugusa mgongo wa mkono ule.

"Aa!" Chuma akasema.

Papo hapo wifi akakanyaga kizimio. Mashine ikasimama, naye akangoja.

"Tuendelee?"

Chuma akavuta pumzi. "Tuendelee."