Pole kwa Bwana Morita

Tangu Fairfield, mtaa wao wa ughaibuni, ufungwe kwa korona na wageni wakatazwe majumbani, Mama Honorine alikuwa hajielewi. Nyumba yake ilizoea viatu vimerundikana mlangoni na umbea mpaka koridoni. Sasa dada yake Anésie amefariki kule Bukavu, na matanga yanakaliwa kwenye simu! Watu wanatoa pole, wanakata. Alitaka kitu kimoja tu, mtu wa kukaa naye, na huyo hakupatikana.

Ng'ambo ya uzio aliishi Bwana Morita, mzee wa Kijapani. Kila alasiri alitoka uani na filimbi nene ya mwanzi, akapuliza sauti moja ndefu, inayotetemeka kama mtu anayezuia kilio. Kisha kimya. Kisha nyingine.

"Peninah, jirani kafiwa," Honorine alimwambia shoga yake kwenye simu, nesi Mkenya wa mtaa wa Seven Hills.

"Umejuaje?"

"Sikiliza!" Akainyanyua simu juu ya uzio.

"Ai! Huyo hata mimi ningemlilia. Nani amekufa?"

"Mke wake. Siku nyingi simwoni."

Kwao, mfiwa haachwi apike. Honorine akasonga fufu, akaunga sombe, kile kisamvu cha kwao, kwa mawese, akavaa barakoa, akampitishia mzee sufuria juu ya uzio na kutoa pole kwa sauti ya msibani. Wakati huo kundi zima la WhatsApp la kanisa, alilokwisha kulipasha habari, lilikuwa linamwombea marehemu wa ng'ambo ya uzio.

Mzee akaitazama sufuria, akamtazama yeye. "Pole ya nini?"

"Ya mama. Mke wako."

"Michiko!" mzee akaita.

Marehemu akatoka akichechemea, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, na kijiko mkononi, maana harufu ilishamfikia.

Honorine alitamani ardhi immeze. Halafu akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kamasi akawaeleza habari za Anésie.

"Huu si wimbo wa msiba," Bwana Morita alisema taratibu. "Mimi napumua tu. Nakaa na pumzi yangu."

"Wewe angalau una pumzi ya kukaa nayo. Mimi sina hata mtu!"

Michiko akauliza, "Kwenu watu humfanyia nini mfiwa?"

"Wanakuja. Wanakaa. Hata bila kusema kitu."

"Hilo tunaliweza," akasema, akavuta kiti mpaka kwenye uzio. Honorine naye akaleta chake upande wake.

Mzee akapuliza. Sauti ikaenda, ikaisha, ukaja ule ukimya uliokuwa ukimkera Honorine siku zote. Safari hii hakuvumilia, akautia maneno.

"Anésie alikuwa anauza vitenge, na mteja akiomba kupunguziwa, yeye anaanza kumsifu mtoto wa huyo mteja. Hata awe mbaya kama nini! Mama mtu analainika, analipa yote..."

Michiko alishaanza kucheka. Bwana Morita akaishusha filimbi mapajani, akangoja amalize.