Kiondo Kilichosukwa kwa Taa Nyekundu

"Wembe ninao mkononi, Wakesho, na nitakata!"

"Kata, Mama. Halafu uende mwenyewe shuleni ukamwambie mwalimu kwa nini mtoto hana kitu cha kuonyesha."

Mama yangu, Jedidah, alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yetu ya reli hapa Voi, kiondo cha binti yangu Khalayi magotini. Maonyesho ya shule yalikuwa asubuhi hiyo hiyo. Mama alikuwa ameshuka kutoka Bura kuyaona, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa makosa.

"Nilimfundisha mstari mweupe, mwekundu, wa kijani. Tazama hapa juu! Nyekundu imeingia kwenye nyeupe, nyeupe kwenye nyekundu, kama kuku amedonoadonoa. Wasusi wenzangu wa Bura watakuwepo. Watauliza nani alimfundisha huyu."

"Nilitazama vizuri, Nyanya," Khalayi alisema. Machozi yalikuwa karibu.

"Ulikuwa unatazama watu barabarani!"

Nikamnyang'anya mama kiondo. Chini kilikuwa safi. Kuanzia katikati ndipo kilipoharibika. Lakini mistari ya kijani ilikuwa sawa yote, chini hadi juu. Mtoto mzembe hukosea ovyo. Huyu alichanganya nyeupe na nyekundu tu.

"Huku juu ulisuka lini?"

"Jioni, Mama. Baada ya kioo cha taa yetu ya mezani kuvunjika."

"Ukatumia taa gani?"

"Ile ya Baba."

Mume wangu, Makokha, ni gadi wa treni. Taa hiyo ya kuashiria treni ilitupwa kazini akaileta nyumbani, na kioo kilichobaki ndani yake ni chekundu.

"Mama, weka wembe chini. Njoo stoo."

"Nije kufanya nini? Kusomeshwa?"

"Ndiyo."

Nilifunga dirisha la stoo, nikaziba upenyo wa mlango kwa gunia, nikawasha taa. Nikamwekea mama fungu la nyuzi za mkonge, nyeupe na nyekundu zimechanganyika, alizozisokota mwenyewe juu ya paja lake. "Nitolee nyeupe tu."

"Hii ni kazi ya mtoto," alisema. Akachagua haraka haraka, akajaza kiganja. "Haya."

Nikafungua mlango. Alitazama kiganja chake juani. Nusu ya nyuzi zilikuwa nyekundu.

Khalayi aliziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka.

"Unanicheka? Hii taa ina mambo!"

"Haina mambo," nikasema. "Khalayi, sikiliza, maana utaulizwa. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Uzi mwekundu unameza nyingine na kurudisha nyekundu. Uzi mweupe haubagui, unarudisha kila rangi unayopewa. Sasa hiki kioo kinapitisha nyekundu peke yake. Uzi mweupe utarudisha nini?"

Alifikiri. "Nyekundu. Haujapewa kingine."

"Na wa kijani?"

"Ule ulikuwa mweusi!" Aliruka. "Nilikuwa naujua kwa weusi wake. Uzi huo unarudisha kijani tu, na kijani hakipo, kwa hiyo haurudishi kitu!"

"Ndiyo maana hukuukosea."

Mama alirudi ndani peke yake na zile nyuzi, akavuta mlango. Tulimsikia akinung'unika. Akatoka, akazitazama juani, akarudi tena. Alipotoka mara ya pili hakunitazama mimi, alimtazama mjukuu wake.

"Macho yako ni mazima," alisema. "Yangu pia, asante Mungu. Lakini kiondo bado kina makosa."

"Kinayo," nikasema. "Ndiyo yatakayoonyeshwa. Kiondo kwenda peke yake ni aibu. Kikienda na taa, na nyuzi, na gunia la kuziba mwanga, ni somo. Kila mgeni achague nyeupe, kama ulivyochagua wewe."

"Hata wa Bura?"

"Wao kwanza."

Mama akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Kati yao, Syokau anajiona ana macho kuliko wote. Nataka kumwona huyo."

Aliingiza wembe kwenye kitambaa chake, akatia nyuzi ndani ya kiondo, akapitisha mkanda kichwani kama wanavyobeba kwetu, na kutoka mbele yetu.

"Khalayi, lete taa! Na ukifute hicho kioo, usiniletee masizi mbele za watu."

Nikachukua gunia, nikafunga mlango, nikawafuata.